Tathmini: kifurushi cha deep-translator kwa menyu na matangazo ya Malindi

Ukitembea Barabara ya Lamu hapa Malindi, au ukishika njia ya Casuarina kuelekea ufuoni, lugha tatu zinakupokea: Kiitaliano, Kiingereza na Kiswahili. Waitaliano hawakuja jana. Mwaka 1967 satelaiti ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, na tangu hapo lugha yao imekaa mjini kama mwenyeji. Kazi ya kutafsiri basi haikosekani. Menyu aliyoiandika mpishi wa Kiitaliano lazima wahudumu waielewe, kanuni za nyumba ya wageni lazima ziwafikie wanaofua na kufagia, na ratiba ya mashua za Hifadhi ya Bahari lazima nahodha na mgeni waisome kwa maana moja.

Kijana anayejua Python kidogo ndiye hukabidhiwa kazi hiyo, na kifurushi anachokutana nacho mapema ni deep-translator. Ni cha bure, ni chepesi, na mistari mitatu ya msimbo inatosha kupata Kiswahili kutoka Kiitaliano. Tunakipendekeza, lakini kwa kazi yake halisi: kupeleka matini kwenye huduma ya tafsiri na kukurudishia rasimu. Chenyewe hakijui lugha hata moja. Ndani yake hamna kamusi wala sarufi. Ni mjumbe anayebisha hodi kwa Google, MyMemory, Microsoft, DeepL na wengineo, kisha anakuletea alichopewa. Ukilielewa hilo tangu mwanzo, makosa mengi yaliyoelezwa hapa chini hayatakushangaza.

Kukisakinisha

Anza na mazingira yako ya peke yake, kisha sakinisha toleo unalolitaja kwa namba:

python -m venv kazi
source kazi/bin/activate
pip install deep-translator==1.11.4

Kwenye Windows mstari wa pili huwa kazi\Scripts\activate. Ukiruka hatua ya mazingira kwenye Ubuntu au Debian za karibuni, pip itakataa na kukuambia kwamba Python hiyo inasimamiwa na mfumo wenyewe. Usilazimishe, rudi utengeneze mazingira.

Namba ya toleo ina sababu yake. Agosti 2022 watunzaji wa vifurushi vya PyPI, ghala ambamo pip huchukua vifurushi vyake, walitumiwa barua pepe za hadaa, na deep-translator kilikuwa miongoni mwa vilivyoingiliwa: toleo la 1.8.5 lilipakiwa likiwa na msimbo hasidi kabla ya kuondolewa. Kifurushi kilisafishwa na kinaendelea kutumika, ila funzo linabaki kwa kila unachokisakinisha: taja toleo, liandike kwenye requirements.txt, na usipandishe toleo usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha menyu.

Mtego mwingine mdogo huwapotezea wanaoanza nusu siku. Wakati wa kusakinisha jina lina kistari cha kati, deep-translator. Wakati wa kuliita ndani ya Python lina kistari cha chini, deep_translator. Na faili lako usiliite deep_translator.py, kwa sababu Python italisoma hilo badala ya kifurushi na kukuambia GoogleTranslator haipo.

Matumizi ya kwanza ni haya:

from deep_translator import GoogleTranslator
mtafsiri = GoogleTranslator(source="it", target="sw")
print(mtafsiri.translate("La colazione è servita in terrazza."))

Unaweza kuandika "italian" na "swahili" badala ya "it" na "sw", vyote vinakubaliwa. Ukikosea jina la lugha, utapata LanguageNotSupportedException papo hapo, kabla hata ya intaneti kuguswa. Hilo ni jema: kosa linajitokeza mapema na halikuli bando.

Kinachofanyika nyuma ya pazia

GoogleTranslator haitumii huduma rasmi ya kulipia ya Google. Inafungua ukurasa mwepesi wa tafsiri ulio wazi kwa umma, inasoma HTML iliyorudi, na kuchomoa jibu humo. Ndiyo maana haihitaji ufunguo wala kadi ya benki. Ndiyo maana pia siku Google ikibadilisha mpangilio wa ukurasa ule, msimbo wako utaanza kutoa TranslationNotFound ilhali hujagusa kitu. Hapo usijitafutie kosa. Angalia kama kifurushi kimetoa toleo jipya.

Mipaka yake ni ya kweli, na inafaa kuijua kwa namba. Matini moja lazima iwe chini ya herufi 5,000, nafasi na alama zikihesabiwa. Ikifika 5,000 kamili unapata NotValidLength. Kwa MyMemory mpaka ni mdogo zaidi, herufi 500, na misimbo ya lugha huko hubeba nchi, kama en-GB na it-IT, kwa hiyo msimbo ulioandikiwa Google hauhamishiki huko bila kuguswa. Ukituma maombi kwa pupa utapata TooManyRequests, na ujumbe wake unataja maombi 5 kwa sekunde na 200,000 kwa siku. Ichukulie hiyo kama dari usiyotaka kuikaribia. Nusu sekunde kati ya ombi na ombi haimchoshi mtu, na inakuweka pazuri.

Ujumbe huohuo unakushauri ujaribu translate_batch. Ushauri huo hausaidii. Ukifungua msimbo wa kifurushi utaona kwamba translate_batch inapita kwenye orodha yako na kuita translate mara moja kwa kila kipengele. Orodha ya mistari 60 ni maombi 60, bila pumziko katikati. Tena mstari wa 58 ukigonga hitilafu, kazi yote ya mistari 57 iliyotangulia inapotea, kwa maana orodha hurudishwa mwishoni tu. Hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote ya kifurushi hiki, na katika mji ambao umeme na mtandao hukatika bila kubisha hodi, hatushauri itumike.

Jingine linaloumiza kwa mtandao wetu: ombi linatumwa bila ukomo wa kusubiri. Mtandao ukizimika katikati, msimbo unaweza kukaa kimya muda mrefu bila kosa na bila jibu. Mtu hudhani kompyuta inafanya kazi, kumbe inangoja seva isiyojibu.

Dawa ya matatizo haya mawili ni moja: tafsiri sentensi moja moja, na kila jibu lihifadhiwe papo hapo kwenye faili la akiba. Ukikwama, bonyeza Ctrl+C, uanze tena, zilizokwisha hazirudiwi. Faili hilo ni hifadhidata ndogo ya SQLite, ambayo imo ndani ya Python, haihitaji kusakinishwa.

import sqlite3, time
from requests.exceptions import ConnectionError
from deep_translator import GoogleTranslator
from deep_translator.exceptions import TooManyRequests, RequestError

db = sqlite3.connect("akiba_it_sw.db")
db.execute("CREATE TABLE IF NOT EXISTS akiba (asili TEXT PRIMARY KEY, tafsiri TEXT)")
mtafsiri = GoogleTranslator(source="it", target="sw")

def geuza(sentensi):
    sentensi = " ".join(sentensi.split())
    ipo = db.execute("SELECT tafsiri FROM akiba WHERE asili = ?", (sentensi,)).fetchone()
    if ipo:
        return ipo[0]
    for subira in (2, 10, 60):
        try:
            jibu = mtafsiri.translate(sentensi)
            db.execute("INSERT INTO akiba VALUES (?, ?)", (sentensi, jibu))
            db.commit()
            time.sleep(0.5)
            return jibu
        except (TooManyRequests, RequestError, ConnectionError):
            time.sleep(subira)
    return None

Mstari wa pili usiudharau. Mtandao ukikatika, hitilafu inatoka kwa requests, si kwa deep_translator, na Python yenyewe ina ConnectionError nyingine ya jina lilelile ambayo haitalinasa kosa hilo. Usipoleta ile ya requests, msimbo unaanguka pale pale ulipotaka uvumilie. Na mstari wa " ".join ni wa kuondoa nafasi zilizozidi, kwa sababu akiba inalinganisha herufi kwa herufi; nafasi mbili badala ya moja, nayo inadhani ni sentensi mpya. Kila jozi ya lugha iwe na faili lake, la sivyo Kiingereza na Kiitaliano vitaingiliana kwenye maneno yanayofanana.

Kuhusu translate_file: inasoma faili la maandishi, na ukiongeza vifaa vya ziada inasoma .docx na .pdf. Ila inatuma kila kilichomo kama matini moja, hivyo faili linalozidi ule mpaka wa 5,000 linakataliwa, na katika PDF husoma ukurasa wa kwanza tu. Jedwali, picha na mpangilio havirudi. Kwa kijikaratasi cha aya mbili inafaa. Kwa menyu, nakili maandishi uyaweke kwenye jedwali la CSV, safu moja ya asili na safu moja ya tafsiri.

Hapo kwenye CSV kuna donda la herufi. Kiitaliano kina è, à, ù. Ukifungua faili bila kutaja encoding="utf-8", kwenye Windows "caffè" linaweza kusomwa kwa herufi zilizovurugika, na mtafsiri atapelekewa takataka hiyohiyo. Ukiandika faili litakalofunguliwa kwa Excel, tumia encoding="utf-8-sig" ili Excel itambue herufi zenyewe. Na kama unatafsiri kutoka Kiarabu, kata vipande vifupi zaidi: maandishi husafiri ndani ya anwani ya ukurasa, na kila herufi ya Kiarabu huko hugeuka alama sita.

Mahali tafsiri inapoharibika

Sentensi kamili ya kawaida, yenye kitenzi na mtendwa, hurudi ikiwa rasimu inayosomeka. "Kifungua kinywa huandaliwa kuanzia…" haina shida kubwa. Balaa liko kwenye maneno yaliyosimama peke yake, na menyu ni mkusanyiko wa maneno yaliyosimama peke yake.

Chukua vichwa vya menyu ya Kiitaliano: Primi, Secondi, Contorni, Coperto. Secondi ni mlo wa pili wa nyama au samaki, lakini pia ni sekunde za saa. Contorni ni vya kuandamia, kama mboga na viazi, lakini contorno pia ni mzingo wa kitu. Coperto ni ada ya kuketi mezani, lakini pia ni kitu kilichofunikwa. Neno likitumwa bila mwenzake, mashine haina cha kushikia, na itachagua mojawapo. Vichwa hivi kwa kawaida si vingi. Viandike kwa mkono kwenye kamusi ndogo ya Python, na msimbo uiangalie kamusi hiyo kabla ya kuuliza Google.

Ndiyo sababu pia hatutumii source="auto", yaani kuiachia mashine itambue lugha yenyewe. Inavutia, maana menyu nyingi za hapa zinachanganya lugha ndani ya ukurasa mmoja. Lakini mstari wa neno moja hauna ushahidi wa lugha yake. "Papa" kwa Mswahili ni samaki mwenye meno. Kwa Mwitaliano ni kiongozi wa Kanisa Katoliki. Na kifurushi hakikuambii kilitambua lugha gani, kinakupa jibu tu. Kipo kifaa cha kutambua lugha, single_detection, ila kinataka ufunguo wa huduma nyingine ya nje. Ni rahisi zaidi kuongeza safu kwenye CSV na kuandika it, en au sw kwa kila mstari.

Ukigeuza upande wa pili, kutoka Kiswahili, mambo ni hayohayo. "Kamba" ni wa kuliwa na pia ni ya kufungia mashua. "Samaki wa kupaka" ana kitenzi ambacho kwa mashine ni kupaka rangi au mafuta. Rojo ya nazi inayopakwa samaki akiwa juu ya makaa haimo kabisa ndani ya neno. "Kubanika" na "kukaanga" ni moto wa aina mbili, na mgeni asiyekula mafuta anataka kujua ni upi. Na nazi ina umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mgeni aliyeagiza dafu akiletewa nazi iliyokunwa, kosa si la mhudumu. Kwa vyakula vya pwani, mahamri, viazi karai, mkate wa mofa, mkate wa sinia, shauri letu ni kuacha jina lilivyo na kuandika maelezo mafupi chini yake, kisha maelezo hayo ndiyo yatafsiriwe.

Wengi hulinda majina kwa kuweka alama badala yake, mfano [[7]], kisha kurudisha jina baada ya tafsiri. Njia hiyo inafaa kwa majina ya watu, mitaa na hoteli: Mambrui, Watamu, Gede. Hesabu alama kabla na baada. Mashine ikiongeza nafasi katikati ya mabano, au ikiimeza moja, hesabu itakuonyesha. Lakini kwa vyakula na vitu, alama inavunja kitu ambacho Kiitaliano na Kiingereza havinacho: ngeli. Mashine ikiona "[[7]] imepikwa kwa tui", imechagua "i-" kwa kubahatisha, maana haijui [[7]] ni nini. Ukirudisha "wali", ilipaswa kuwa "umepikwa". Ukirudisha "pweza", "amepikwa". Ukirudisha "viazi", "vimepikwa". Msomaji wa Kiswahili anaiona hitilafu hiyo mara moja, na heshima ya menyu nzima inashuka. Panga menyu ili jina la chakula lisimame juu peke yake, na maelezo yaanze na kitu kisichohitaji upatanisho nalo: "Kwa tui la nazi, bizari na ndimu."

Saa ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu kosa lake halionekani. Tangazo la Kiitaliano likisema mashua inaondoka "alle 7", Kiswahili sahihi ni saa moja asubuhi. Tafsiri ikiacha namba na kuandika "saa 7", nahodha wa Malindi anaelewa saa saba mchana, na wageni wamesimama ufuoni saa sita nzima. Usiiachie mashine saa. Zitoe kwenye matini kabla ya kutafsiri, zihesabu mwenyewe: chukua saa ya kimataifa ya mtindo wa 24, toa 6, gawanya kwa 12 uchukue baki, baki likiwa 0, andika 12. Katika Python ni (saa - 6) % 12 or 12. Saa 7 inatoa 1, saa 13 inatoa 7, saa 4 ya alfajiri inatoa 10. Kisha ongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku kwa kufuata saa ya mwanzo. Kwenye tangazo lenyewe weka zote mbili: saa moja asubuhi, 07:00.

Namba za bei zina mtego wa jamaa yake. Mwitaliano hutenga maelfu kwa nukta, na desimali kwa mkato: 1.200 kwake ni elfu moja na mia mbili. Ikipita bila kubadilishwa, mteja wa hapa anaweza kuisoma moja nukta mbili, au akaihisi ni kosa la uchapaji. Bei zikae kwenye safu yake, zisipelekwe kwa mtafsiri kabisa, na msimbo uziandike kwa mtindo wa hapa: KSh 1,200.

Kisha kuna bahari. Maneno ya maji na upepo wetu hayalingani neno kwa neno na ya Ulaya. "Bassa marea" ni maji kupwa. Likipelekwa neno kwa neno linakuwa wimbi la chini, ambalo kwa mvuvi halina maana yoyote. Upepo wa kaskazini-mashariki ni kaskazi, na ule unaotoka kusini ni kusi. Maneno mawili yanayobeba msimu mzima wa utalii na uvuvi. Maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua. Yaweke haya kwenye kamusi yako ndogo, na ratiba ya mashua za Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, itasomeka kama iliyoandikwa na mtu wa hapa.

Adabu pia ikaguliwe. "You" ya Kiingereza ni mtu mmoja au umati, na mara nyingi rasimu hurudi na umoja: "vua viatu vyako". Kwenye kibao kinachosomwa na familia nzima, pwani tungesema "Tafadhali vueni viatu". Kama una matini ya Kiitaliano na ya Kiingereza za jambo lilelile, jaribu zote mbili ulinganishe. Mfano, "piccante" ni pilipili bila utata, ilhali "hot" ya Kiingereza inaweza kurudi kama "moto", na mgeni akadhani mchuzi umetoka jikoni sasa hivi.

Huduma nyingine zilizomo

Orodha ni ndefu, lakini kwa Kiswahili si nyingi zinazofaa. Linguee na Pons ni kamusi za maneno, zimejengwa hasa kwa lugha za Ulaya. DeepL inahitaji ufunguo, na orodha ya lugha za DeepL iliyomo ndani ya toleo hili haina Kiswahili. Microsoft inahitaji ufunguo pia. Kwa vitendo, anayetafsiri Kiswahili kwa kifurushi hiki bila ufunguo anatumia Google, na MyMemory kama akiba ya sentensi fupi. Bado mfumo wake mmoja wa kuita huduma zote ni mzuri: ukipata ufunguo kesho, unabadilisha mstari mmoja na misimbo ya lugha, basi.

Kama unataka tovuti ya hoteli itafsiri papo kwa papo kila mgeni anapofungua ukurasa, kifurushi hiki si chake. Siku ya kuzuiwa, tovuti nzima inanyamaza. Tumia huduma rasmi, Google Cloud Translation. Bei yake huwatisha watu bure: herufi 500,000 za kwanza kila mwezi hazilipiwi, na baada ya hapo ni dola 20 kwa herufi milioni moja. Menyu ya mistari 60 yenye herufi 80 kila mmoja ni herufi 4,800. Hata ukiigeuza kwa lugha kumi kila mwezi unafika 48,000. Kinachohitajika ni kadi ya kusajili akaunti, na aina yake ya juu inakubali orodha ya istilahi, ambayo ndiyo kamusi yetu ndogo ikiwa imekaa mahali pake.

Wapo watakaouliza kuhusu kutafsiri bila intaneti. NLLB-200, modeli ya tafsiri ya Meta iliyotolewa 2022, ina Kiswahili kwa msimbo swh_Latn, na toleo lake dogo la vigezo milioni 600 linaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, hasa likibanwa kwa programu ya CTranslate2. Lakini leseni yake hairuhusu biashara, na hoteli ni biashara. Kwa shule au maktaba ni chaguo zuri. Ilishe sentensi moja moja, maana aya ndefu huweza kurudi imepungukiwa sentensi.

Neno kuhusu siri: kila unachokituma kinatoka kwenye kompyuta yako kwenda kwenye seva ya mtu mwingine. Menyu haina siri. Orodha ya wageni, namba za pasipoti, barua ya daktari au mkataba wa shamba, hivyo vina wenyewe, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Usivipitishe hapa. Maelekezo ya dawa na mikataba, hata bila majina, yapelekwe kwa mtafsiri aliyesomea kazi.

Ukaguzi na masahihisho

Rasimu ikirudi, chapa nakala mbili: moja ya mpishi, moja ya mhudumu, na waisome kwa sauti. Sikio linanasa ngeli iliyopotoka haraka kuliko jicho. Kugeuza tafsiri irudi Kiitaliano ili kuhakiki ni msaada kidogo tu, kwa kuwa "saa 7" itarudi "alle 7" na kuonekana sahihi.

Kila sahihisho lirudishwe kwenye faili la akiba, lisibaki kwenye karatasi:

db.execute("UPDATE akiba SET tafsiri = ? WHERE asili = ?", (sahihi, asili))
db.commit()

Kwa vile geuza() huangalia akiba kwanza, mstari uliosahihishwa hautatumwa tena kwa Google. Msimu wa kaskazi ukirejea na mpishi akaongeza vyakula vinne, ni vinne hivyo tu vitakavyopita kwenye mtandao. Nakili akiba_it_sw.db kwenye flashi na mahali pa pili, kwa sababu kufikia hapo faili hilo lina thamani kuliko msimbo wote uliolitengeneza.